Sindano Iliyompa Mama Mkwe Wangu Usingizi

Tangu tulipomzika mama mkwe wangu mwezi wa Agosti 2019, maneno hayajaisha katika ukoo wetu. Wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba mama hakufa kwa saratani, bali alimalizwa na sindano. Wengine hawasemi kitu, lakini ukitaja neno mofini huangaliana. Mimi ndiye niliyemwuguza, wodini na nyumbani, nikimlisha, nikimgeuza na kumwosha. Nimeamua kuandika niliyoyaona kwa macho yangu, maana najua yuko mama mwenzangu anayesoma ukurasa huu huku akimwuguza mzazi au mume, na ameshaambiwa na majirani aikatae sindano hiyo.

Mama alikuwa mkulima wa mahindi na viazi huko Njombe, mjane, mama wa watoto sita. Mwanzoni mwa mwaka 2018 alianza kutokwa damu, ilhali siku zake zilikwisha koma miaka mingi. Akaficha. Akina mama wa umri wake huona aibu kusema mambo ya huko chini, hata kwa binti zao. Alipokuja kwetu Morogoro na kuchunguzwa, ilikuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. (Dada yangu, kama hujawahi kupimwa, usingoje kutokwa damu. Kipimo cha siki huchukua dakika chache tu.) Akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapigwa mionzi. Karibu mwaka mzima alikuwa na nafuu, akarudi hata kulima bustani yake.

Maumivu yalirudi mwezi wa Aprili 2019, na safari hii yalikaa kiunoni na kushuka mguu wa kushoto kama moto. Hospitali tuliyoanza nayo ilimpa panadoli, kisha diklofenaki, kisha tramadoli. Kila dawa ilisaidia siku mbili tatu, ikachoka. Mume wangu aliuliza kama hakuna dawa yenye nguvu zaidi. Daktari akajibu kwamba ipo, ila ni ya watu wanaokufa, tena itamzoesha. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, mwenye saratani iliyosambaa, aogopewe kuzoea dawa! Tulirudi nyumbani. Usiku mama alikuwa anauma pindo la khanga ili wajukuu wasimsikie, lakini walimsikia. Mtoto wangu wa mwisho akaanza kukojoa kitandani.

Mwezi wa Juni, baada ya kutapika siku tatu mfululizo, tulimpeleka hospitali nyingine, ya misheni, nje kidogo ya mji. Hapo tulimkuta Sista mmoja, muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Jambo la kwanza alilofanya ni kukaa kitini, usawa wa uso wa mama. Akamwambia, "Mama, nionyeshe kwa mkono. Ngumi ni hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika." Mama alionyesha vitano, kisha akainua na mkono wa pili.

Daktari wa pale akaandika mofini ya sindano. Sista alinieleza kwamba kwa kawaida mofini hunywewa, kwa sababu ni rahisi na haimchomi mgonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 ulisema hivyo hivyo: dawa ipite mdomoni inapowezekana, na itolewe kwa saa badala ya kungoja mtu alie. Sindano ni kwa ajili ya yule anayetapika, asiyeweza kumeza, au mwenye maumivu makali yanayotaka kutulizwa upesi. Mama alikuwa na yote matatu.

Hakumchoma kwenye nyonga kama tulivyozoea. Alimwekea sindano ndogo yenye mbawa kama kipepeo, chini ya ngozi ya kifua, akaibandika kwa plasta, na dawa yote ikawa inapitia hapo bila kumtoboa tena. Kichupa kimoja kilikuwa na miligramu 10 katika mililita 1. Mama alianza na robo yake tu, miligramu mbili na nusu, kila baada ya saa nne. Nataja kipimo hiki ili uone kilivyokuwa kidogo, wala si cha kuigwa. Kila mgonjwa hupimiwa chake. Wauguzi wawili walikwenda pamoja kwenye kabati lenye kufuli, wakaandika katika kitabu, wote wawili wakatia sahihi, na kile kilichobaki kichupani kikamwagwa mbele ya wote wawili. Sijaona hata benki wakihesabu hivyo.

Baada ya kama nusu saa mama alinyoosha ule mguu wa kushoto. Kwa majuma sita alikuwa ameukunja. Akaniambia, "Mama Neema, nipe maji." Kisha akalala, na mimi nikalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu Aprili.

Siku ya pili alifika wifi yangu mkubwa kutoka Dar es Salaam. Alipoambiwa jina la dawa alisimama pale pale, mkoba bado begani. Ili umwelewe wifi lazima nikwambie kwamba kijana wake wa kwanza aliharibiwa na unga. Aliuza hadi sufuria za mama yake. Wifi alimfuata maskani usiku, akamwokota, akamfungia ndani, akampoteza tena. Sasa akamgeukia Sista: "Hiyo si ndiyo dawa iliyomla mwanangu? Mnampa mama yangu?"

Nilitegemea Sista akane. Hakukana. Alimvutia wifi kiti, akamwambia, "Shikamoo mama. Umesema kweli, ni ndugu. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi. Mjerumani mmoja aliitenga miaka zaidi ya mia mbili iliyopita." Kisha akamwuliza kijana anaendeleaje. Wifi akasema tangu mwaka uliopita anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, hizi kliniki zilizoanza Muhimbili mwaka 2011, na ameanza kufanya kazi gereji. "Basi mama," Sista akasema, "hiyo methadoni nayo ni ya ukoo huo huo. Dawa moja ya ukoo huo ilimwangusha, nyingine inamsimamisha. Tofauti ni nani anapima, anapima kiasi gani, na kwa sababu gani."

Akaendelea kumweleza taratibu. Anayejidunga unga mtaani hajui amechanganyiwa nini wala nguvu yake. Anatafuta kulewa, na kesho anataka zaidi ya jana. Mgonjwa wa saratani hupewa kipimo kinachojulikana, kwa ajili ya maumivu yaliyopo. Ni kweli mwili wake huizoea dawa, ndiyo maana haikatwi ghafla baada ya majuma, hupunguzwa kidogo kidogo. Lakini kuipenda na kuitafuta kama teja, hilo hutokea mara chache kwa wagonjwa wa namna ya mama wanaofuatiliwa vizuri. Wifi alisikiliza hadi mwisho. Hakusema ndiyo. Alikaa tu, akashika miguu ya mama.

Jumapili walikuja akina mama wa kanisani kuomba. Mmoja wao, mzee tunayemheshimu sana, alimkumbusha mama kwamba Bwana alipopewa msalabani divai iliyochanganywa na manemane, aliikataa. Maana yake ilikuwa wazi. Mimi nilinyamaza, mkwe hajibizani na wazee. Mama mwenyewe alijibu, kwa sauti ndogo lakini ya mtu mwenye akili zake: "Bwana alikuwa na kazi pale juu, ilimpasa awe macho. Mimi kazi yangu iliyobaki ni kuwaaga wanangu, na kwa maumivu yale nilikuwa siwasikii hata wakizungumza." Mzee alicheka, akamshika mkono. Baadaye Sista aliniambia kwamba hata Papa Pius wa 12, mwaka 1957, alipoulizwa na madaktari, alikubali mgonjwa atulizwe maumivu kwa dawa za namna hii. Mimi si Mkatoliki, lakini nilifurahi kulisikia.

Sasa nije kwenye hatari, maana ipo, na anayekuambia haipo anakudanganya. Mofini ikizidi mwilini humfanya mtu alale kupita kiasi, kisha humsahaulisha kupumua. Usingizi mzito hutangulia, pumzi hufuata. Ndiyo maana wauguzi wa wodi ile hawakumdunga mama kabla ya kumwamsha na kuhesabu pumzi zake kwa saa dakika nzima. Siku ya tatu, kwa kuwa maumivu hayakwisha kabisa, kipimo kilipandishwa hadi miligramu 5. Usiku wa siku ya tano niliona mama anashtuka-shtuka mikono na miguu, kama mtu anayeota anaanguka. Nilimwita akachelewa kuitika. Nikamwita muuguzi.

Muuguzi alihesabu pumzi: tisa kwa dakika. Alimmulika machoni, mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Ilikuwa karibu saa sita usiku, na sindano ilikuwa imefikia wakati wake. Hakuidunga. Alimwita daktari, wakamwekea oksijeni, wakamwinua mabegani, wakawa wanamwita jina kila mara. Kwenye trei wakaweka tayari kichupa cha naloksoni. Hiyo ni dawa inayoifukuza mofini mahali pake mwilini kwa dakika chache tu, lakini ukiitoa yote kwa pamoja maumivu nayo hurudi yote kwa pamoja, na kwa kuwa huisha nguvu mapema kuliko mofini yenyewe, mgonjwa lazima aendelee kuangaliwa. Kwa mama haikuhitajika. Saa tisa usiku alifungua macho, akauliza kama wajukuu wamekula.

Asubuhi walipima damu. Figo zilikuwa zimelegea. Daktari alinichorea kwenye karatasi: saratani ya shingo ya kizazi hukua na kuibana mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mabaki ya mofini hutolewa na figo. Figo zikilegea, mabaki hujikusanya, na kipimo kilichomfaa mtu Jumatatu kinakuwa kikubwa mno Ijumaa bila mtu yeyote kukosea. Walirudisha kipimo kwenye miligramu mbili na nusu, na badala ya kila saa nne ikawa kila saa sita. Mshtuko ukaisha. Maumivu yakawa kidole kimoja, jioni viwili.

Nasimulia usiku ule kwa kirefu kwa sababu ndio wanaoutaja wale wanaonong'ona. Husema, "Si mnaona, karibu imwue." Ndiyo, ingeweza kumwua, kama angekuwa kwa mtu anayedunga na kuondoka. Kwa hiyo ukimwuguza mgonjwa anayepewa mofini, usione haya kumwita muuguzi usiku. Mgonjwa asiyeamka ukimwita, anayepumua polepole mno au kukoroma kwa namna usiyoizoea, midomo ikigeuka rangi, huyo haachwi "apumzike". Na usimwongezee kitu kingine cha kulaza. Shemeji yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta vidonge vya valiamu ili mama alale vizuri zaidi. Sista alivichukua akavifungia. Pombe ni vivyo hivyo. Hizo zikikutana na mofini husaidiana kuzima pumzi.

Wengi wetu tunaijua zaidi pethidini, kwa kuwa tumechomwa baada ya kupasuliwa au wakati wa uchungu. Nayo ni ndugu wa mofini. Wakati wa uchungu mkunga lazima ajue saa uliyochomwa, kwa sababu dawa hupita hadi kwa mtoto, na akizaliwa saa chache baadaye anaweza kuwa mzito wa kupumua na kunyonya. Nilimwuliza Sista kwa nini mama hakupewa hiyo tuliyoizoea. Alisema pethidini ikirudiwa siku nyingi huacha mwilini mabaki yanayoweza kuleta degedege, hasa kwa mwenye figo mbovu. Haifai kwa maumivu ya saratani.

Siku ya kumi na moja kutapika kulikwisha, tukaruhusiwa kurudi nyumbani na mofini ya maji. Hapa wifi alishtuka tena, kwa sababu kipimo cha kunywa kilikuwa miligramu saba na nusu, mara tatu ya ile ya sindano. Lakini dawa inayomezwa hupita kwanza kwenye ini, na sehemu kubwa hupotea huko. Hivyo saba na nusu ya mdomoni ni kama mbili na nusu ya sindano. Ndiyo sababu mtu asijaribu kamwe kubadilisha mwenyewe kutoka moja hadi nyingine. Tulipewa bomba dogo lisilo na ncha la kupimia, na daftari la kuandika saa. Tulipewa pia dawa ya kulainisha choo, na Sista aliikazia kuliko tulivyotegemea. Kichefuchefu na usingizi wa mofini huisha baada ya siku chache, alisema, lakini kufunga choo hakuishi hadi dawa iishe. Alisema kweli. Papai na uji peke yake havikutosha.

Chupa tuliifungia kwenye sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ndoa na hati ya kiwanja. Wazo lilikuwa la wifi. Mwezi wa Julai kijana wake alikuja kumwona bibi. Alikunywa methadoni yake asubuhi Dar es Salaam, akapanda basi, akalala kwetu usiku mmoja, na alfajiri akarudi asikose dozi. Usiku ule wifi aliufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake, wazi, mbele ya macho ya mwanawe. Kijana aliuona. Akasema, "Umefanya vizuri, mama." Bibi na mjukuu walikaa wakizungumza hadi usiku wa manane, na mara moja moja nilisikia bibi akicheka.

Majuma yale saba nyumbani mama alimfundisha Neema kusuka ukili, akagawa khanga zake, akapatana na mdogo wake ambaye hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wa shamba. Nimesoma baadaye ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 kuhusu dawa hizi. Inasema kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Huko Marekani vidonge vya jamii hii vilimwagwa kiholela tangu miaka ya tisini hadi vikaua watu wengi sana, na sisi tumeirithi hofu yao bila kuipata dawa yenyewe. Lakini Uganda, tangu Dakta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, mofini ya unga huchanganywa na maji, ikawafikia wagonjwa hata vijijini, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Dawa yenyewe si ghali. Inayokosekana ni watu waliofundishwa na kabati lenye kufuli.

Siku tatu za mwisho mama hakuweza kumeza, tukamrudisha wodini, na ile sindano ya kipepeo ikarudi kifuani. Kipimo kilikuwa kile kile cha mbili na nusu, hakikuongezwa hata tone. Alidungwa saa kumi na mbili jioni, akafariki saa mbili usiku, watoto wake wanne wakiwa wamemzunguka. Kwa hiyo ndiyo, alikufa baada ya sindano. Mtu anayepewa dawa mara nne kwa siku, siku yoyote atakayokufa atakufa baada ya dozi fulani. Angekuwa anakunywa uji mara nne kwa siku, angekufa baada ya uji.

Wiki moja baada ya maziko, wifi na mimi tulikwenda kuirudisha chupa iliyobaki, kama tulivyoagizwa. Sista aliipima kwa bomba mbele yetu: mililita 62. Akaandika katika kitabu kile kikubwa, akatia sahihi, akakigeuza upande wetu. Nilitia sahihi yangu. Wifi aliichukua kalamu, akaandika jina lake lote, na jina la mama yake chini yake.